Kimya Hakinunuliwi kwa Kilo: Sauti Ndani ya Gari la Mizigo la Umeme



Najua yupo aliyekuja hapa akijiuliza: kelele za gari la umeme, kelele gani tena? Si ndilo gari linalosifiwa kwa ukimya? Sifa hiyo ni ya haki kwa mtu aliyesimama kando ya barabara huku gari likipita polepole. Dereva aliyemo ndani ya boksi la bati, aliyetoka Igoma hapa Mwanza na kreti za soda na sasa ameacha lami akiingia vijiji vya ndani vya Magu, ana habari nyingine kabisa. Ukiling'oa gari injini ya petroli unaondoa pia pazia. Tairi, bushi, mlango wa nyuma usiofunga sawasawa, paa linalopigapiga, feni ya kupoza betri: vyote hivyo vilikuwepo siku zote, ila mngurumo wa injini ulikuwa unavifunika.

Sisemi haya kwa kubahatisha yajayo. Umeme umeshaingia barabarani kwa majirani zetu. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza majaribio mwaka 2022 kwa mabasi ya BYD aina ya K6, ya abiria 25. Uganda wana Kiira Motors, iliyozaliwa na mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliotoa gari dogo la viti viwili, Kiira EV, mwaka 2011. Leo jina lao liko kwenye mabasi ya Kayoola na kiwanda chao kiko Jinja, kwenye Ziwa Victoria hili hili. Upande wa Kenya wa ziwa, Asobo inawakodishia wavuvi injini za boti za umeme. Hapa nyumbani treni ya umeme imebeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo, na reli yenyewe inajengwa kuja kwetu. Kirikuu ya umeme, kigari kidogo cha mizigo, itakayopakia sangara soko la Kirumba si ndoto ya mbali.

Na kuna watu nchini humu ambao wameshalipwa kwa ajili ya ukimya. Mwaka 2018 Mount Kilimanjaro Safari Club walipeleka Serengeti magari ya utalii yaliyotolewa injini ya dizeli na kufungwa mota. Mgeni anataka kumsogelea simba bila kumkurupusha, na anataka kusikia nyasi. Mkiingia hifadhini kwa lango letu la Ndabaka, fikirieni kidogo jambo hili: ukimya ni bidhaa, ina bei, na ina mteja. Kwa dereva wa mizigo mteja ni yeye mwenyewe, masikio yake na uchovu wake wa jioni. Taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unapungua nusu. Desibeli 88, saa 4. Desibeli 91, saa 2. Dereva wetu hashuki kwenye gari baada ya saa 2.

Sasa tuingie ndani ya gari lenyewe. Nianze na mota, ingawa, niseme mapema, siyo mshitakiwa mkuu.

Chukua mota ya sumaku za kudumu yenye ncha 8 za sumaku na mifereji 48 ya kulaza koili. Ni umbo la kawaida sana kwenye magari. Kila mhimili unapozunguka mara moja, msukumo wa sumaku unapanda na kushuka mara 24, na ndani yake mna mwingine wa mara 48. Mota ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, ambayo ni mizunguko 50 kwa sekunde, utapata sauti ya hezi 1,200 na nyingine ya hezi 2,400. Kwenye giaboksi inayopunguza kwa 10, na tairi la kawaida, huo ni mwendo wa kilomita 34 hivi kwa saa, mwendo wa mjini kabisa. Sikio la binadamu ni kali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Kwa hiyo mota inatoa sauti ndogo mahali pabaya. Mita ya desibeli itakuambia hakuna tatizo, dereva atakuambia kuna mbu kichwani. Wote wawili wanasema kweli: mita inajumlisha nguvu, lakini sikio linakamata mlio mmoja mwembamba uliosimama peke yake, na mlio huo unapanda na kushuka kila unapogusa pedali.

Habari njema ni kwamba mlio wa namna hiyo ni mwepesi kuzimwa. Urefu wa wimbi la hezi 2,400 ni sentimita 14 na ushee. Kitu laini chenye vinyweleo, kikiwa na unene wa robo ya wimbi, yaani sentimita 3 na nusu hivi, kinaumeza vizuri. Nitarudi hapo, maana hapo ndipo Usukuma unapoingia.

Mshitakiwa mkuu ni boksi.

Sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 25, ambayo ndiyo hali yetu ya kawaida. Kuna anayeuliza kama mwinuko wa Mwanza, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, unabadilisha mwendo huo. Haubadilishi, mwendo wa sauti hufuata joto la hewa, haujali mgandamizo. Mwinuko unatupa kitu kingine: hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo bati linalotetemeka kwa kiasi kilekile hapa na Dar es Salaam linatoa hapa sauti pungufu kwa desibeli moja hivi. Hakuna sikio litakaloitambua. Lakini ni ya bure, tuipokee.

Tuchukue kirikuu yenye bodi ya boksi, isiyo na ukuta nyuma ya dereva: mita 3 kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, upana mita 1.4, kimo mita 1.4. Ndani mna hewa ya mita za ujazo karibu 6. Wimbi linalokwenda mbele na kurudi nyuma kati ya kuta hizo mbili linajijenga lenyewe pale nusu ya urefu wake inapolingana na mita 3. Wimbi la mita 6, basi. Gawanya 346 kwa 6, unapata hezi 58. Huo ndio mrindimo ambao kila dereva wa Hiace tupu anaujua tumboni kabla ya kuujua masikioni. Gari likijaa magunia ya mpunga unapotea, likirudi tupu unarudi nalo.

Katika wimbi la namna hii mgandamizo wa hewa ni mkubwa kwenye ncha mbili na karibu sifuri katikati. Dereva amekaa karibu na ncha ya mbele. Mahali penye utulivu, katikati ya boksi, zimekaa kreti za soda.

Nani anaupigia mlango mrindimo huo? Mota haina habari nao. Tazameni barabara ya vumbi iliyopitwa na magari kiangazi kizima: inashika vijituta vya kukingama, kama sentimita 75 kutoka kimoja hadi kingine. Ukienda kilomita 40 kwa saa, sawa na mita 11 kwa sekunde, tairi linagonga vijituta karibu 15 kila sekunde. Pigo la namna hiyo si laini, lina makali, kwa hiyo linabeba pia mara mbili yake, mara tatu yake, mara nne yake. Mara nne ya 15 ni 60. Boksi letu linangoja kwenye 58. Punguza mwendo hadi 35 na mara ya nne inashuka kwenye 52, ukali unapungua. Madereva wanaifanya hesabu hii kwa mguu bila karatasi. Wanajua ziko kasi ambazo gari "linalia" na kasi ambazo "linatulia", na hawajawahi kuhitaji mhadhara. Mhadhara unahitajika na anayelitengeneza boksi, ambaye hatakuwemo ndani.

Hapa ndipo modeli ya sauti inapofanya kazi yake. Kuiga sauti kwa kompyuta ni hivi: unalichora boksi, unaikata hewa yake na bati lake vipande vidogo vidogo, unakiandikia kila kipande kanuni ya jinsi kinavyosukumana na jirani yake, halafu unaipa kompyuta kazi ya kutafuta mwendo unaoviridhisha vipande vyote kwa pamoja. Kanuni ya mazoea ni vipande sita, angalau, kwa kila urefu wa wimbi. Kwa hezi 200, kipande cha hewa kinaweza kuwa na upana wa sentimita 29, na boksi letu la mita za ujazo 6 linatosheka na vipande 250. Kompyuta ya mwanafunzi inamaliza kabla hujanyanyua kikombe. Kwa hezi 2,000 kipande lazima kishuke hadi sentimita 3 hivi, na idadi inakuwa vipande 250,000. Sauti imepanda mara 10, kazi imepanda mara 1,000. Bado inawezekana, lakini majibu yenyewe yanaanza kukosa maana, kwa sababu kwenye sauti za juu bolti moja iliyolegea inabadilisha kila kitu.

Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, wahandisi Wamarekani waliokuwa wakihangaika na mitetemo ya roketi, Richard Lyon akiwa miongoni mwao, waliacha kulifuata kila wimbi wakaanza kuhesabu nishati tu. Ni kama kusimama stendi ya Buzuruga na kuhesabu wangapi wameingia na wangapi wametoka kila daladala, bila kuuliza jina la abiria. Kiasi gani kinaingia kwenye paa, kiasi gani kinapita kwenda hewani, kiasi gani kinafia njiani. Kwa sauti za juu hesabu hiyo inatosha, na inafanyika hata kwenye lahajedwali.

Programu nazo si kisingizio. Elmer, iliyotengenezwa Finland, inatolewa bure na ina uwezo wa kukokotoa mawimbi ya sauti ndani ya chumba. Kinachokosekana ni cha kuilisha: vipimo vya bodi zetu na vya barabara zetu. Modeli iliyotengenezwa kwa lami ya Ujerumani itatoa jibu sahihi la swali la Kijerumani.

Mnaona hapa mezani nimeweka bati la milimita moja, limekazwa katikati kwa bolti. Chini yake kuna spika ndogo iliyounganishwa na simu yangu. Juu nimenyunyiza mchanga mkavu wa ziwani, uliochekechwa. Sasa napandisha sauti taratibu. Hakuna kitu, hakuna kitu... na sasa mchanga unakimbia. Umejipanga mistari. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha michoro ya namna hii mwaka 1787, yeye akitumia upinde wa fidla. Penye mistari bati limetulia, na mchanga umekimbilia huko. Pale palipobaki peupe ndipo bati linapopiga kelele. Nachukua kipande cha lami ya kubandika, ukubwa wa kiganja, nakiweka juu ya mstari wa mchanga. Mmesikia tofauti? Hamkusikia, kwa sababu haipo. Nakihamishia pale peupe. Waliokaa mbele wametikisa kichwa.

Kipande ni kilekile, uzito ni uleule. Ninyi mafundi bodi mnaombwa kila wiki "niwekee sound proof," na mnabandika paa zima, mlango mzima, sakafu nzima, mteja anaondoka ameridhika kwa sababu amelipa pesa nyingi. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Robo ya ile lami, ikiwekwa palipo peupe, ingefanya kazi karibu ileile. Modeli ni mchanga huu ndani ya kompyuta: inakuonyesha peupe pa kila paneli, kwa kila mwendo, kabla hujakata bati.

Na kwa gari la umeme, uzito ni hela. Tufanye hesabu ya fundi asiye na modeli. Sheria ya zamani ya ukuta inasema ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata desibeli kama 6 za nafuu. Boksi letu lina bati la mita za mraba kama 12, ukihesabu paa na mbavu mbili. Kulifanya la milimita 2 badala ya 1 ni kuongeza karibu kilo 94. Ni gunia zima la mchele ambalo halitauzwa, litapandishwa kila mlima wa mji huu kila siku kwa umeme wa betri. Na ukishalipa kilo hizo zote, zile hezi 58 zitakuwa zimesogea? Hapana. Urefu wa boksi haukubadilika.

Fundi mwenye modeli angefanya jambo lingine: kuweka ukuta wa plywood ya milimita 12 nyuma ya kiti cha dereva. Mita za mraba 2, kilo 14 hivi. Boksi la mizigo sasa lina urefu wa mita 2 tu, mrindimo wake umehamia hezi 86 na uko upande wa pili wa ukuta. Dereva amebaki kwenye chumba kifupi ambacho mrindimo wake wa kwanza wa mbele na nyuma uko juu ya hezi 170. Mkutano wa barabara na boksi pale kwenye 58 umevunjwa. Sharti ni moja, na ndilo linaloharibu kazi nyingi nzuri: kuziba kingo. Tundu likiwa asilimia moja tu ya eneo la ukuta, ukuta huo hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20, hata ungekuwa wa zege. Mpira wa kuzunguka ukingo una thamani kuliko plywood ya pili.

Njia ya kuujua mlango ambao sauti inapitia haihitaji maabara. Helmholtz na baadaye Lord Rayleigh, katika karne ya 19, walionyesha kwamba chanzo na msikilizaji wanaweza kubadilishana nafasi na njia ya sauti ikabaki ileile. Kwa gereji maana yake ni hii: badala ya kuiwasha mota na kumweka mtu ndani asikilize, weka spika pale kichwa cha dereva kinapokaa, piga sauti ya hezi 1,200, kisha zunguka nje na chini ya gari na simu yenye programu ya kupima sauti. Panapotoka kelele nyingi ndipo zinapoingilia. Gari limezimwa, hakuna hatari ya umeme mkubwa, na mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha VETA anaweza kuchora ramani nzima kwa asubuhi moja.

Nilisema nitarudi Usukumani. Watengenezaji wa magari duniani wamekuwa wakitumia kwa miaka mingi mikeka iliyotengenezwa kwa nguo chakavu na nyuzi za pamba zilizosagwa na kushindiliwa, chini ya zulia na nyuma ya dashibodi. Hewa inayotetemeka inajisugua kwenye nyuzi na sauti inageuka joto, joto dogo lisilopimika kwa mkono. Wallace Sabine, aliyeanzisha elimu ya sauti za kumbi huko Harvard mwaka 1895, alifanya vipimo vyake kwa kubeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine. Kipimo chake cha kwanza cha kumeza sauti kilikuwa mito. Sisi tunakaa katikati ya mikoa ya pamba. Takataka za vinu vya kuchambulia, nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa, zina kazi hapa. Mkeka wa sentimita 3 hadi 4 unaumeza mlio wa mota wa hezi 2,400. Ukiwa na sentimita 2 tu, uachie nafasi ya hewa ya sentimita 2 nyuma yake, utakaribia kazi ileile kwa nusu ya pamba. Uchovywe kwanza kwenye maji ya boraksi na kukaushwa, kwa ajili ya moto na ukungu.

Lakini asije mtu akamuuzia dereva pamba kwa ajili ya mrindimo. Robo ya wimbi la hezi 58 ni mita moja na nusu. Mkeka wa unene huo umejaza nusu ya boksi.

Gari la samaki lina kesi yake ya pekee. Boksi la barafu la kubebea minofu ya sangara lina fom ngumu katikati ya karatasi mbili, na watu wanadhani kitu kinachozuia joto kinazuia na sauti. Fom ile ina vipovu vilivyofungwa, kila kimoja kivyake. Hewa haipiti, kwa hiyo hakuna msuguano, na sauti haimezwi. Vibaya zaidi, karatasi mbili zenye fom katikati zinakuwa vipande viwili vya uzito vyenye springi kati yao, na ziko sauti ambazo ukuta huo unazipitisha kuliko bati tupu la uzito uleule. Ukiongeza na mashine ya kupoza iliyofungwa juu ya kioo cha mbele, inayofanya kazi hata gari likiwa limesimama foleni sokoni Mwaloni, utakuta gari la umeme la samaki linapiga kelele hata likiwa limeegeshwa. Kwa gari hilo mimi ningeanza na raba nne za kufungia ile mashine, kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Nimekaa ndani ya gari muda mrefu, tutoke kidogo. Mji wetu una maumbile ambayo modeli ya mji wa tambarare haitayajua. Granaiti haimezi sauti, inairudisha karibu yote. Mtu wa Mabatini au Igogo aliyejenga juu ya mawe anaiona barabara chini yake, na kinachoonekana kinasikika. Jirani yake aliye bondeni, nyuma ya mstari wa kwanza wa nyumba, amekingwa. Usiku, ardhi inapopoa na hewa ya chini ikapoa kabla ya ile ya juu, sauti inayopanda inapindishwa kurudi chini na kwenda mbali kuliko mchana. Tunazo Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na NEMC, baraza la mazingira, wamekuwa wakizitumia zaidi kwa baa na nyumba za ibada. Magari ya mizigo ya alfajiri hayajazungumzwa sana. Umeme utasaidia hapo kweli, kwa sababu kwenye mwendo mdogo kelele za nje ni za injini. Gari likivuka kilomita 50 hivi kwa saa, tairi ndilo linalosikika, na barabara ya kwenda Usagara haitaona tofauti kubwa.

Halafu linabaki tatizo la kinyume. Tukishalizima gari, lazima tulipe sauti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 138 inataka gari la umeme litoe sauti ya tahadhari linapotembea polepole, hadi kilomita 20 kwa saa: angalau desibeli 50 likienda 10, desibeli 56 likienda 20, na desibeli 47 likirudi nyuma. Ulaya imelazimisha jambo hilo kwa aina mpya za magari tangu Julai 2019 na kwa magari yote mapya tangu Julai 2021. Namba hizo ziliwekwa na watu wenye mitaa yao. Aliyewahi kusimama sokoni Mlango Mmoja katikati ya spika za wauza nguo, honi za bajaji na wapiga debe anajua kwamba desibeli 50 hapo ni mnong'ono. Jibu si kupandisha sauti mpaka kila gari liwe kero. Jibu ni kuchagua masafa ambayo soko halijayajaza, na kuielekeza sauti mbele badala ya kuitawanya. Kazi hiyo nayo ni ya modeli, safari hii ya mtaa badala ya boksi: unarekodi kelele za soko, unaziweka kwenye kompyuta, unajaribu milio juu yake hadi upate unaotoboa.

Ningeomba hapo tusiwaachie wahandisi peke yao. Tuna shule ya Mitindo pale Misungwi, yenye wanafunzi wasioona, na tuna watu wazima wasioona wanaovuka barabara za mji huu kila siku kwa masikio. Kabla mlio wowote haujafungwa kwenye kirikuu ya umeme, upigwe Mlango Mmoja saa nne asubuhi, soko likiwa limechangamka, na wao ndio waulizwe waliusikia gari likiwa hatua ngapi, na likitokea upande gani.